Kambi Yetu Mtumba na Mvua Iliyotukuta

Ndugu msomaji, ukimwambia Mgogo kwamba mvua imekuharibia safari, atakutazama kwa kitambo, kisha atakuuliza kama umeamka na homa. Mimi ni Mgogo, kitovu changu kimezikwa Mtumba, na nakiri mbele yenu kwamba usiku mmoja niliitukana mvua kwa sauti, tena shambani kwa babu yangu, tena babu mwenyewe akiwa amesimama nje ya hema anasikia. Naomba niwasimulie ilivyokuwa, maana jambo lile linanichokoza hadi leo na limeniharibia riwaya yangu. Au labda limeitengeneza, bado sijajua.

Mtumba ninayoisema ndiyo ile mnayoisikia kwenye taarifa ya habari. Iko mashariki ya mji wa Dodoma, kwenye barabara iendayo Morogoro, hapo ambapo Rais John Magufuli alizindua Mji wa Serikali mwezi wa Aprili 2019. Wizara zimejengwa, lami imetandazwa, na usiku taa zinawaka utadhani kuna harusi isiyokwisha. Lakini ukiiacha lami ukaenda kwa mguu kama saa nzima, taa zinabaki nyuma, unakuta mashamba ya uwele, mibuyu iliyosimama kila mmoja peke yake kama wazee waliokosana, na tembe moja moja zilizoezekwa udongo. Tembe ya babu ni mojawapo.

Sisi tulikuwa watano. Sote tunaandika, au tuseme sote tunasema kwamba tunaandika. Mimi mchana natoa fotokopi kwenye duka la steshenari, usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku, na wakati huo nilikuwa nimefika kaunta buku ya tatu. Alikuwepo dada mmoja wa Kondoa anayetunga mashairi na asiyemwonea mtu haya. Alikuwepo mshikaji mmoja wa Bukoba, mpole, anaandika hadithi fupi za watu wanaovua samaki. Alikuwepo kijana wa Dar es Salaam aliyekuja na treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, akiwa na viatu vyeupe. Na wa tano tulimwita Skauti, kwa kuwa alikuwa skauti kweli tangu shule ya msingi na ndiye mwenye mahema.

Wazo lilikuwa la dada wa Kondoa. "Waandishi gani ninyi," alisema, "hamjawahi kukaa pamoja hata siku moja bila simu mkononi?" Basi tukapanga siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Mahema mawili, moja zima na jingine limeungwaungwa mpaka halijulikani rangi yake ya kwanza. Turubai moja. Unga wa uwele kilo tano, dagaa, mlenda wa kukausha, majani ya chai, sukari, na kopo la maziwa la kuwekea kiberiti kisilowe. Hilo la kiberiti lilikuwa la Skauti. Sisi wengine tulimcheka. Jua lilikuwa linachoma mawe.

Hapa lazima niwaeleze kidogo wasioijua nchi yetu. Dodoma ni kavu. Kwa mwaka mzima tunapata mvua ya milimita 550 au 600 hivi, nayo inashuka kwa mkupuo mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua na vumbi mpaka mwaka ugeuke. Bukoba, kwao yule mshikaji, wanapata kama 2,000. Na hizo chache zetu hazina adabu. Zinaweza kuja Desemba zikakushawishi upande, halafu Januari zikakukimbia wiki tatu nzima, uwele umefika magotini nao unajikunja majani kama mtu anayesikia baridi. Hapo mkulima hana la kufanya. Anakaa chini ya mti, anatazama mashariki.

Januari hiyo ndivyo ilivyokuwa. Na babu alikuwa na mtihani mwingine juu ya huo. Tangu wizara zihamie, ardhi ya Mtumba imekuwa mali, na kila wiki anapita mtu na gari safi akiuliza nani anauza. Babu alibakiwa na eka tatu. Nyingine aliziuza mwenyewe kwa hiari yake miaka ya nyuma, na moja ndiyo iliyonisomesha mimi shule ya bweni hadi kidato cha nne. Eka nzima ya mzee ikageuka sare, madaftari na nauli, nami nikarudi nyumbani na divisheni foo. Babu hajawahi kunisema hata siku moja. Ndiyo maana nikipita kwenye ile eka, ambayo sasa ina ukuta na geti la bluu, huwa natazama upande mwingine.

Sasa baba yangu mdogo alikuwa amempata mnunuzi wa zile eka tatu. Babu hakukataa wala hakukubali. Alisema hivi: mvua isipofika hadi Jumapili, huyo bwana aje na karatasi zake. Nilikuwa najua yote haya wakati nawaalika wenzangu. Sikuwaambia. Niliona ni mambo ya nyumbani.

Basi tukafika Ijumaa alasiri. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mkuyu, shuka jeusi begani.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbukwenyi!"

Wenzangu wakanitazama, nikawafundisha kwamba hiyo ndiyo salamu yetu, nao wakajitahidi kuirudisha, babu akacheka mpaka meno yake matatu yakaonekana. Akauliza tumekuja kufanya nini. Nikamwambia tumekuja kupiga kambi. Akauliza tunawinda? Hapana babu. Mnachunga? Hapana. Sasa mnalala nje kwa nini, nyumba si ipo? Skauti akamweleza kwa heshima kwamba vijana wa siku hizi hulala hemani kwa raha tu. Babu akafikiri sana. Akasema, "Haya. Kila mtu na raha yake."

Mabishano ya kwanza yalikuwa mahali pa kusimamisha mahema. Chini ya shamba la babu kuna korongo, limejaa mchanga mweupe, laini, tambarare. Yule wa Dar akavua viatu akakimbia mle ndani, akasema hapa ndipo, mbona ni Coco Beach kabisa! Babu alimfuata polepole na fimbo yake.

"Mjukuu wangu, mchanga huo unaouona umelala. Mwenyewe akiamka usiku utamwambia ulikuja kufanya nini?"

"Mwenyewe nani, babu?"

"Maji."

Sote tukatazama mbinguni. Hapakuwa na wingu hata la kufutia machozi. Lakini Skauti alimuunga mkono mzee, akaeleza kwamba korongo halingoji mvua inyeshe pale ulipo. Mvua inaweza kunyesha mbali, milimani, wewe umelala chini ya nyota, ukashtukia maji yanakuja yamesimama kama ukuta. Maji ya namna hiyo ndiyo yaliyoing'oa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na kama reli iling'oka, hema la kuungaunga litasema nini?

Tukapanda juu, kwenye ardhi nyekundu, karibu na mbuyu lakini si chini yake. Babu akatupa majembe mawili. Akasema tuchimbe mfereji upande wa juu wa kila hema, kina kama kiganja, uzungushwe mpaka pembeni maji yapate njia ya kushukia. Skauti alichimba wake vizuri kama anachimba msingi wa kanisa. Upande wetu ilikuwa zamu yangu. Nilikwaruza kwaruza hivi, nikafika katikati, nikaona jua linanipiga kisogoni na sura ya tisa ya riwaya inanisubiri. Nikaweka jembe chini. Mtaniambia nini, wiki tatu hakijadondoka hata tone!

Usiku ule wa kwanza ulipita vizuri. Ugali wa uwele na mlenda, chai, hadithi za kutishana. Kwa mbali taa za wizara zilitanda kama mji wa mtu mwingine. Jumamosi mchana joto likazidi, joto la kunata, nzi wakawa wanauma. Babu hakuongea kabisa siku hiyo. Alipita shambani mstari mmoja baada ya mwingine akigusa majani ya uwele kwa ncha ya fimbo. Nilimwona, nikainama kwenye kaunta buku yangu.

Jioni, tulipomaliza kula, tukaingia sote watano kwenye hema letu, lile la viraka, kusomeana. Kila mmoja alisoma chake. Ikafika zamu yangu. Niliichagua sura ya tisa kwa kuwa niliiamini sana. Riwaya yangu ni ya upelelezi. Nimekulia kwenye vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa, vile vilivyochakaa majalada, na toka nilipoisoma Kufa na Kupona, iliyotoka 1974, sijapona. Basi katika sura hiyo mpelelezi wangu anamzika mchumba wake katika makaburi ya Kinondoni. Na mvua inanyesha. Nimeandika kurasa nne za mvua. Mbingu zinalia, matone yanateleza mashavuni yakichanganyika na machozi, watu wamesimama na miavuli myeusi, dunia yote imevaa huzuni. Nilisoma kwa sauti ya kutetemeka kidogo, kama inavyotakiwa.

Nilipomaliza, kimya. Nikajua nimewaua.

"Sasa," akasema dada wa Kondoa, "wewe uliwahi kuhudhuria mazishi kwenye mvua?"

"Bado."

"Na hapa kwenu Mtumba, uliwahi kuona mvua inanyesha watu wakahuzunika?"

Nikamwambia, "Dada, hii ni fasihi. Mvua katika fasihi ni huzuni."

"Fasihi ya nani?"

Yule wa Dar akaingilia, akasema kwenye filamu za Kihindi mvua ni mapenzi, wanaimba wamelowa. Mshikaji wa Bukoba akasema kwao mvua si huzuni wala mapenzi, ni hali ya hewa tu, inanyesha mtu anaendelea kumenya ndizi. Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimevimba, nikitafuta jibu kali la kumrudishia dada yule, na jibu nimelipata liko mdomoni kabisa, ndipo upande wa mashariki palipounguruma.

Mngurumo wa kwanza ulikuwa wa chini, kama gari la mawe linalopita mbali. Tukanyamaza. Wa pili ukaja karibu. Upepo ukalipiga hema likafura, halafu ukatulia ghafla, na katika utulivu ule ikaja harufu. Mnaijua ile harufu ya udongo mkavu unaotaka kunywa. Kisha tone moja likagonga turubai, ta! La pili. La tatu. Halafu, wee, acha tu. Halikuwa jambo la matone tena. Kama mtu amepindua mbingu.

Kwa dakika kumi tulifurahi, tukapiga kelele kama watoto. Dakika ya kumi na moja nikahisi ubaridi makalioni. Nikamulika tochi. Maji yalikuwa yanaingia chini ya hema upande wangu, hasa pale pale mfereji wangu ulipoishia, mekundu, mengi, yana haraka. Yalipita chini ya blanketi langu, yakapita chini ya begi langu, na begi lile ndilo lililokuwa na kaunta buku mbili za kwanza. Nilizitoa zinachuruzika. Kurasa zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizolala. Kazi ya mwaka mmoja na miezi minne! Ndipo nikalitoa lile neno.

"Mvua gani hii ya kipumbavu!"

Nilisema kwa nguvu ili nishinde kelele za turubai. Na pazia la hema likafunguka. Babu. Gunia amelikunja kichwani kama kofia, jembe begani, maji yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Alikuwa amekuja kuangalia mifereji yetu. Alinitazama muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ile sura ya tisa.

"Mjukuu wangu," akasema taratibu, "neno hilo usilirudie. Sasa ikikusikia ikaamua kwenda Morogoro je?"

Wenzangu waliangua kicheko. Babu hakucheka. Na mimi nilikumbuka Jumapili, nikakumbuka yule bwana na karatasi zake, nikakumbuka eka yenye geti la bluu, aibu ikanipanda hadi masikioni. Mzee alikuwa amesubiri tone wiki tatu. Mjukuu aliyemsomesha kwa ardhi yake anatukana tone kwa sababu ya daftari, daftari ambalo angelinusuru kwa kumalizia mfereji wa hatua nne.

Niliyatoa madaftari nikampa dada wa Kondoa, akayafunga ndani ya koti lake. Nikashika jembe nikatoka.

Ndugu msomaji, raha ya kambi ile ilianzia hapo, nje, baada ya kukubali kulowa. Ukiwa ndani ya hema unalinda ukavu wako, kila tone ni adui. Ukishalowa mpaka mfupani huna tena cha kulinda. Tulichimba sote, tunateleza, tunaanguka, tunacheka. Yule wa Dar alivua vile viatu vyeupe akavitundika kwenye mti kama mahindi ya mbegu. Skauti alikuwa anatoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Mfereji ulipokamilika maji yakageuka kwa utii kabisa, yakazunguka hema, yakashuka zake. Nilisimama nikayatazama. Sijawahi kuandika sentensi iliyonipa fahari kama ule mfereji.

Na katika kutulia kidogo tukasikia vigelegele. Vilianzia tembe ya mbali, mama mmoja peke yake gizani, halafu tembe nyingine ikajibu, na nyingine, mpaka vikazunguka bonde zima, vinapita juu ya mvua. Mimi nimevisikia vigelegele hivyo tangu utoto. Mpaka usiku ule nilikuwa sijawahi kuvisikiliza.

Halafu babu akainua mkono. "Sikilizeni. Ameamka."

Tukashuka na tochi hadi kwenye ukingo, mbali kidogo kama alivyotuagiza. Kwanza ulikuja mlio, kama ng'ombe wengi wanakimbia. Kisha likaja lenyewe, povu mbele, matawi, kinyesi cha mbuzi, gogo zima linapinduka, na ule mchanga mweupe ukatoweka mbele ya macho yetu. Yule wa Dar alimulika pale alipotaka tusimamishe mahema. Hakusema kitu. Baadaye sana, tukiwa tunarudi, alimshika babu mkono kama anamsaidia kutembea, na nadhani ni babu aliyekuwa anamsaidia yeye.

Babu alitupeleka kwenye tembe tukakauke. Tembe nayo ilikuwa inavuja, si mnajua paa la udongo, likinywa sana linarudisha. Kulikuwa na sufuria hapa, beseni pale, kila moja na mlio wake, ti, to, ti. Tukanywa chai ya moto tumejibana kwenye kona moja kavu pamoja na mbuzi watatu. Dada wa Kondoa akasema hii ndiyo kambi, kule juu tulikuwa tunaigiza. Nami nikawaza kwamba watu wetu wamelala chini ya paa linalovuja miaka yote wala hawakuita raha, waliita neema.

Dada yule akamuuliza babu kuhusu shuka jeusi. Akajibu kwamba kwetu nyeusi ni rangi njema, ni rangi ya wingu la mvua. Zamani mtemi, aliyekuwa na mawe ya mvua na kubeba dhamana ya nchi kunyeshewa, alivaa nyeusi. Nilipata moto usoni kukumbuka ile miavuli myeusi ya Kinondoni. Kisha akatueleza habari za Mtunya, bila kuulizwa, macho yake kwenye beseni. Hiyo ndiyo njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita yakapigana, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kubeba mizigo, na mvua zilipokosekana hapakubaki akiba ya kumshikilia mtu. Watu wengi mno walikufa. Mama yake babu alikuwa mtoto wakati huo. Maisha yake yote, alisema babu, mvua ya kwanza ikinyesha mama yule alitoka nje, hata awe mgonjwa, akaikinga kwa viganja viwili akanywa. Hakusema neno. Alikunywa tu akarudi ndani.

Mimi nilikuwa nalijua jina la Mtunya, lakini kwa njia ya ajabu. Siku moja mwanafunzi alileta dukani kitabu cha Mathias Mnyampala cha historia, mila na desturi za Wagogo, kile cha 1954, nitoe fotokopi. Nikawa nasoma kurasa zinavyotoka mashineni, na jioni nikaenda kumtafuta mwandishi ni nani. Kumbe ni huyu huyu aliyeeneza ngonjera nchi nzima. Kumbe alizaliwa Ihumwa! Ihumwa, msomaji, ni hapa jirani, naenda kwa baiskeli. Alizaliwa mwaka 1917, mwaka ule ule Mtunya ulipoanza, akafariki 1969. Mtu aliyezaliwa kwenye njaa, jirani na kwetu, akaandika kwetu. Na mimi mzaliwa wa hapo hapo nilikuwa nimehamisha riwaya yangu yote Kinondoni, na mvua nimeiazima kwenye filamu.

Asubuhi ilikuwa imeoshwa. Kumbikumbi walikuwa wanatoka ardhini kama moshi, na watoto wa jirani walishafika na mabeseni. Tuliwakusanya, tukawakaanga wakavu kwenye sufuria kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Yule wa Dar alikula mmoja kwa kufumba macho, wa pili kwa kufumbua, kisha akasogeza sufuria upande wake. Vyura walipiga kelele mpaka ikabidi tuongee kwa kupaza sauti. Na uwele, nawaambia nilichokiona kwa macho yangu, ulikuwa umefungua majani.

Saa nne mnunuzi akaja. Alikuja na gari lake safi, likafika kwenye udongo wetu mwekundu, likazunguka magurudumu mara tatu, likakaa. Sisi watano ndio tuliolisukuma, tope mpaka kwenye nyusi. Babu alimkaribisha vizuri, akampa kigoda, akamwambia, "Mwanangu, samahani kwa kukuhangaisha. Sasa hivi nina palizi." Hakusema hatauza. Mzee ana miaka karibu themanini, na mvua moja siyo mavuno. Februari inaweza kumkimbia tena. Lakini bwana yule aliondoka na karatasi zake, na babu akachukua jembe.

Tulianika madaftari kwenye kamba pamoja na nguo. Wino wa peni haukufutika kama nilivyoogopa, kurasa nyingi zinasomeka, zina rangi ya udongo tu. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba mvua ilinifutia kazi nikaanza upya. Kazi ipo. Ni mimi nisiyeweza kuisoma ile sura ya tisa tena bila kusikia sauti ya dada wa Kondoa: fasihi ya nani? Tangu siku hiyo nimejaribu kuandika ukurasa mmoja tu wa mvua kama nilivyoiona, na vigelegele vile gizani. Nimeuandika mara sita. Mara zote sita vigelegele vimegoma kusikika kwenye karatasi. Najaribu ya saba.

Kifuku kijacho tunarudi, na ninyi wenzangu mnaoandika mnakaribishwa. Kiberiti kaeni nacho ndani ya kopo, kuni ziwekeni ndani ya hema kabla ya jioni, korongoni msilale hata mchanga uwe mzuri namna gani, na kila mtu amalize mfereji wake. Mwavuli msilete. Babu atawauliza mnajificha nini.